Kutoa EFI na kuweka Weber mbili kwa 4A-GE ndani ya DX

Kuna kijana ameweka 4A-GE (injini ya Toyota) kwa DX yake (Corolla KE70), injini ilikuja waya zimekatwa, kompyuta ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli kwa nozeli) haipo, akaniomba tuimalizie na kabureta. Wengi wanaulizia hii kazi so naandika vile tumeifanya. Nachukulia injini imeshakaa na giaboksi inashika.

1. Manifodi
4A-GE za mwanzo zina port (njia za hewa kwa hedi) kubwa na TVIS (valvu za kufunga nusu ya hizo njia injini ikizunguka polepole), za baadaye port ndogo, na manifodi ya moja haikai kwa nyingine. Nenda dukani na gasketi yako mkononi. TVIS yote inatoka, tundu za nozeli zikibaki wazi ziba. Paipu ya busta ya breki usiisahau.

2. Kabureta
Weber 40 DCOE mbili (zinalala kwa upande, kila moja ina koo mbili, koo moja kwa kila silinda), basi. Kabureta moja ya kukaa juu inawaka, ndio, lakini hii hedi ya valvu 16 imetengenezwa kupumua na wewe unaiziba pua. Ukinunua za mtumba shika shafti uitikise, ikicheza achana nazo, zitavuta hewa na hutawahi kupata sailensa (injini kunguruma bila kukanyaga) iliyotulia. Kati ya kabureta na manifodi weka zile bamba za oringi na washa za springi, na nati usikaze mpaka mwisho. Kabureta iwe na mchezo kidogo, la sivyo mtetemo unafanya petroli itoe povu ndani.

3. Mafuta
Tangi na paipu za DX ziko sawa, hiyo gari ilizaliwa na kabureta. Pampu ya 4K (injini ya DX ya kwanza) ilikuwa inasukumwa na injini yenyewe na 4A-GE haina mahali pake, kwa hivyo weka ya umeme ya presha ndogo karibu na tangi, pamoja na regileta. Pampu ya EFI usithubutu: inatoa kama psi 40 na Weber inataka 3. Petroli itafurika na kumwagika nje. Faya ekstingwisha iwe karibu siku ya kuwasha.

4. Moto wa plagi
Hapa ndipo watu wanalala gereji. Distribyuta ya EFI haina ndani zile weiti za kusogeza taimingi (wakati plagi inatoa cheche), inatuma signo tu na kompyuta ndiyo inaamua. Ukitoa kompyuta umetoa taimingi, na hakuna kabureta itakuokoa. Utaambiwa uifunge pahali pamoja uendeshe hivyo hivyo, kataa: ukiifunga nyuma (cheche ichelewe) gari ni zito na eksozi inakuwa nyekundu, ukiifunga mbele (cheche iwahi) injini inanoki mlimani.

Mimi napenda EDIS, mfumo wa moto wa Ford usio na distribyuta (module, koili na sensa za Escort au Fiesta za miaka ya 90), pamoja na MegaJolt, kompyuta ndogo ya kuamua taimingi. Gurudumu la meno 36 lililotolewa jino moja linafungwa kwa puli ya krenki. Puli ikiwa na raba katikati lifunge upande wa ndani ulioshikana na krenki, kwa sababu raba ikichoka pete ya nje inateleza na taimingi inakwenda nayo. Sensa ikae kama milimita moja kutoka kwa meno, waya yake iwe na shildi na iwe mbali na koili. Pistoni ya silinda 1 ikiwa juu kabisa, sensa iangalie jino la 9 baada ya pengo, yaani digrii 90. Waya mbili za sensa zikigeuzwa, taimingi inaruka ruka, zibadilishe kabla hujalaumu module.

Kupima ni rahisi: chomoa MegaJolt, EDIS peke yake inabaki digrii 10 kabla ya juu. Taa ya taimingi isipoonyesha 10, rekebisha sensa, programu usiiguse. Halafu MegaJolt isome mzigo wa injini kwa sensa ya throto, usitegemee vakyumu, kwa DCOE inapiga piga sana.

5. Kubalansi
Kipima hewa kwa kila koo, zilingane, endelea.

6. Jeti
Chukua choki (sehemu nyembamba ndani ya koo, si ile ya kuwashia asubuhi) mara 4: choki ya 32 inakupa 128, kwa hivyo jeti kubwa ya petroli (meini) ya 130, na jeti ya hewa ongeza 50, iwe 180. Hiyo ni ya usawa wa bahari. Nairobi hewa ni nyepesi, tulishuka hadi 120 na ikavuta vizuri. Lakini ukiteremka Mombasa na hizo 120 injini itakosa petroli, na ukiikanyaga hivyo unatoboa pistoni. EFI ilikuwa inajirekebisha, sasa ni wewe. Beba zile 130 kwa dashibodi na ubadilishe kabla hujaifungulia huko chini.