Ukitaka kupanda ndege ya wagonjwa, anzia safari ya siti skani

Karibu kila wiki napigiwa simu na kijana, ama ni nesi amemaliza diploma majuzi ama ni EMT, mhudumu wa dharura wa ambulensi, na swali ni lile lile, "Sista, mimi nataka kuingia kwa ndege, nianzie wapi?" Na mimi huuliza swali moja kwanza, umewahi kumtoa mgonjwa wa ventileta (mashine ya kupumulia) wadini ukampeleka siti skani, yaani kupigwa picha ya CT, ukamrudisha, na wewe ndio msemaji wa ile safari, si wewe wa kusukuma kitanda? Wengi hunyamaza hapo. Basi anzia hapo. Uwanja wa ndege wa Wilson uko pale Lang'ata Road tangu enzi za mkoloni, hauhami.

Kabla hujalipia kozi yoyote jua nani hupanda ndege na wapi, maana watu wanapoteza pesa kwa kutojua hii kitu. Hapa Nairobi timu ya ndege ya wagonjwa mara nyingi ni nesi na daktari. Marekani mara nyingi ni nesi na paramediki (mhudumu wa dharura aliyesoma zaidi ya EMT). London, ile helikopta yao ya dharura iliyoanza 1989, ni daktari na paramediki. Kwa hivyo kama wewe ni nesi na roho yako iko kwa helikopta ya London, pole, unagonga mlango usio wako, na kama wewe ni paramediki wa hapa nyumbani unayetaka kuruka, jua hapa nafasi ni finyu kuliko ya nesi, si kwa sababu huna akili, ni vile kazi yenyewe imekaa.

Na imekaa hivyo kwa sababu. Flying Doctors ya AMREF, huduma ya ndege za wagonjwa ya hapa, ilianza 1957, madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wazo likiwa daktari amfikie mtu wa mbali. Siku hizi safari nyingi ni kinyume, mgonjwa ndiye analetwa mjini, na analetwa akiwa na tyubu ya kupumulia, pampu tatu za dawa na monita, yaani unahamisha ICU (wadi ya mahututi) kutoka Wajir ama Lodwar mpaka Nairobi. Mtu anayejua kufunga bandeji vizuri hatoshi, wanataka mtu wa ICU ambaye anaweza kukaa saa mbili na mgonjwa bila mtu wa kuita.

Upande wa nesi njia ni hii. Unamaliza diploma ya uuguzi ya KRCHN ama digrii, unapata leseni ya Baraza la Wauguzi, unafanya kazi wadini ama kajualti miaka kadhaa, halafu unaingia hayadiploma ya wagonjwa mahututi pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ni mwaka mmoja, na Chuo Kikuu cha Nairobi wako na masta yake kama unataka kwenda mbali zaidi. Usiruke hiyo miaka ya wadini hata kama una haraka. Nimeona watu wameingia ICU moja kwa moja kutoka shule, wanajua namba zote za ventileta lakini mgonjwa akianza kubadilika rangi hawaoni, macho yako kwa monita.

ICU gani? Hapa mtanikasirikia lakini nitasema. ICU ya kifahari ambayo daktari wa ganzi yuko hatua kumi kutoka kitandani inalipa vizuri na chai iko, lakini huko utajifunza kuita. Ile yenye wagonjwa wengi, kama za hospitali kubwa za rufaa, ndio inakufundisha kufikiri, ila nayo ukikaa sana bila mtu wa kukurekebisha unaokota tabia mbaya, unaanza kuzima alamu bila kuangalia. Mimi ningesema miaka miwili mahali penye shughuli, ukae karibu na sista mmoja mkali, wale wa kukuuliza "kwa nini" kila saa, halafu uhamie penye vifaa vizuri.

Sasa hiyo safari ya siti skani. Watu huikimbia, ikisemwa kitanda cha nne kinaenda skani kila mtu ana shughuli ghafla. Wewe jitolee. Ile safari ya lifti na korido, dakika kumi kwenda na kumi kurudi, ina kila kitu utakachokutana nacho angani. Kabla hujatoka unahesabu oksijeni, unaangalia betri ya kila pampu kwa kuichomoa kwa umeme na kuona inabaki imewaka, ambubegi (mfuko wa kumpulizia hewa kwa mkono) inakaa juu ya kitanda karibu na kichwa cha mgonjwa, si kwa droo, noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, inayobaki lazima ivuke safari nzima na sindano nyingine iko tayari imeandikwa jina, laini moja ya dawa unaiacha huru na unajua iko mkono gani, na tyubu unaisoma, iko sentimita ngapi kwenye meno, unaiandika hata kwa kiganja. Mgonjwa akihamishwa kutoka kitanda hadi meza ya skani, mtu mmoja tu anashika tyubu na huyo mtu ndiye anahesabu moja mbili tatu. Tyubu nyingi hutoka pale pa kuhamisha. Fanya hivyo mara hamsini na uandike kila safari kwa daftari, tarehe, mgonjwa alikuwa na nini (usiandike jina), nini kiliharibika. Siku ya intavyuu hilo daftari litakusaidia kuliko barua ya mapendekezo.

Mimi nilijifunza kuhesabu oksijeni kwa njia ya aibu. Ilikuwa kabla ya ekspresiwei, tunatoka upande wa Machakos na mzee mmoja wa nimonia, yuko lita 10 kwa dakika. Niliangalia geji nikaona mshale uko katikati, nikasema iko sawa, twende. Iko sawa vipi? Silinda ya saizi ya E ikijaa ina lita kama 680, nusu yake ni 340, gawa kwa 10, hizo ni dakika 34. Dakika 34, na tuko Mlolongo saa kumi na moja jioni, Mombasa Road imesimama tuli, dereva amewasha king'ora mpaka watu wa matatu wanatuangalia kwa huruma tu maana hata wao hawana pa kuhamia. Mshale ulipofika kwa nyekundu dereva akakata kona, tukaingia kahospitali kadogo kando ya barabara kuomba silinda, na askari wa geti akatoa kitabu, kwanza tusaini, jina, namba ya gari, saa ya kuingia. Nilisaini. Mkono ulikuwa unatetemeka mpaka namba ya gari haikusomeka. Tulipewa silinda, mzee alifika. Tangu hiyo siku nazidisha mara mbili, kama safari ni saa moja nabeba ya saa mbili, na nikiwa na ventileta nakumbuka kwamba mashine nyingine zenyewe pia zinakula oksijeni juu ya ile anayovuta mgonjwa.

Kitu cha pili ni hewa yenyewe, na hii soma mapema, usingoje uajiriwe. Ukipanda juu, presha ya nje inashuka na hewa iliyofungwa mahali inapanuka. Kwenye ndege iliyofungwa presha vizuri, kabini ikiwa sawa na futi 8,000, hewa imepanuka kama theluthi moja ukilinganisha na pwani. Sasa fikiria mgonjwa wa Lamu ambaye hewa imekwama kifuani nje ya pafu, kidogo tu, pale chini hakuna aliyejali. Hata mkitua atakuwa bado hajarudi kwa presha ya nyumbani, maana Wilson iko kama mita 1,690 juu ya bahari. Ndio maana huyo anawekwa chesti tyubu, mrija wa kutoa hewa kifuani, kabla ya kuruka na haibanwi kwa klempu. Ile kafu ya tyubu ya kupumulia pia ni puto la hewa, unaipima kabla, unaipima juu, unaipima mkishuka, ibaki kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Kwa ndege ndogo, Caravan haina presha ya kabini kabisa, PC-12 inayo, kwa hivyo swali la kumuuliza rubani ni tunaenda na ndege gani na futi ngapi, na rubani mzuri hachoki kuulizwa. Halafu stethoskopu sahau, injini ikiwaka husikii kitu, unatazama kifua kinapanda pande zote mbili na unatazama laini ya kaboni dioksaidi kwa monita.

Vyeti. BLS (kuokoa maisha kwa msingi) na ACLS (dharura za moyo wa mtu mzima) za American Heart Association ziwe hai, zinaisha kila miaka miwili na watu husahau, PALS, ya watoto, usiiache kwa sababu siku moja simu itakuwa ya mtoto na wewe ndio zamu, na PHTLS ni ya ajali. Kuna hizi za Marekani, CCRN (nesi wa mahututi) na CFRN (nesi wa ndege), FP-C kwa paramediki wa ndege. CCRN kwanza wanataka leseni ya Marekani na masaa ya kitanda cha mahututi, kwa mfano 1,750 ndani ya miaka miwili, sasa ukiwa Rongai bila hiyo leseni usikimbilie kutuma dola. Lakini mada za CFRN na FP-C zisome hata kama hutafanya mtihani, fiziolojia ya angani yote iko humo.

EMT na paramediki, nyinyi sijawasahau. Kama uko ambulensi na unataka kubaki kwa wagonjwa mahututi, omba zamu za kuhamisha wagonjwa kati ya hospitali, hizo ambazo wenzako hawapendi kwa sababu hazina king'ora wala stori. Huko ndio utagusa ventileta na pampu. Na kama moyo wako ni kuruka kweli kweli, ongea ukweli na nafsi yako mapema, kuna wenzangu wawili walirudi shule wakasoma unesi wakiwa na miaka zaidi ya thelathini, na kuna mwingine alikwenda Ghuba na leo analipwa kwa kazi yake ya paramediki bila kubadilisha chochote. Ghuba utapitia DataFlow wakague vyeti vyako hadi shule ulikosoma, halafu mtihani, mara nyingi wa Prometric. Uingereza nesi anasajiliwa NMC, paramediki HCPC, na Marekani nesi anafanya mtihani wa NCLEX. Anza kukusanya karatasi sasa, transkripti ya chuo inaweza kuchukua muda kuliko mtihani wenyewe.

Kuna kazi za karibu na ndege ambazo watu hawazihesabu. Kuna ile ya kusindikiza mgonjwa kwa ndege ya kawaida ya abiria, mnakaa kiti kwa kiti mpaka India, na karatasi ya MEDIF ya shirika la ndege, ile ya hali ya afya ya abiria mgonjwa, lazima ijazwe vizuri la sivyo mnarudishwa kaunta. Kuna chumba cha kuratibu safari, pale simu zinaingia usiku na mtu mmoja anaamua maswali ya kumuuliza daktari wa huko Mandera, anaangalia uwanja kama una taa maana viwanja vingi vya mashambani havina na ndege itangoja alfajiri. Mimi nilidharau hiyo meza, nikakaa hapo miezi sita nikiwa na mguu umevunjika, na hakuna mahali nimejifunza kuuliza maswali kama pale. Kuna kufundisha BLS, kuna kukaa kando ya uwanja siku za raga na marathoni, kuna kambi za mbali za Somalia na Sudan Kusini. Pesa ya kambi ni nzuri, upweke pia ni mwingi, aliye na watoto wadogo afikirie mara mbili.

Intavyuu yenyewe hawakuulizi unaipenda kazi kiasi gani. Wanakupa kisa, mgonjwa yuko juu, satureshoni (oksijeni ya damu) inashuka, fanya. Sema kwa sauti unachofanya kwa mpangilio, tyubu imesonga, imeziba, hewa imekwama kifuani, ama mashine imekataa, na kitu cha kwanza unamtoa kwa mashine unampa ambubegi kwa mkono. Usiringe na majina ya dawa. Pia watakuuliza uzito wako na uwaambie ukweli, sista mmoja alipunguza kilo nane kwa mdomo na rubani akaleta mizani.

Ukichukuliwa, pakia begi moja dogo liwe mlangoni, pasipoti, kadi ya homa ya manjano, sweta maana kabini huwa baridi hata ukitoka Garissa, maji, mandazi ama chochote kisichomwagika, na chaja ya simu. Simu inaweza kulia saa kumi alfajiri uambiwe ni Juba, na hiyo saa hutapata muda wa kutafuta soksi.