Umehamia nyumba mpya ya kubana umeme? Anza na haya

Nyumba iliyojengwa ili itumie umeme kidogo, yenye sufi ya kioo ya kuzuia joto juu ya dari, hita ya maji ya jua na AC za inverter (zinazopunguza kasi zenyewe chumba kikipoa), inaweza kula uniti nyingi kuliko ulivyotarajia miezi ya mwanzo. Mara nyingi kuta bado zina maji, na vifaa vimebaki vile fundi alivyoviacha. Maelezo haya yanalenga nyumba za pwani ya Tanzania, kwenye joto na unyevu mwingi.

Kausha kuta

Maji yaliyomwagiliwa kwenye zege na plasta hayaishi siku rangi inapokauka. Ukifunga madirisha mapema na kuwasha AC, sehemu ya umeme unaolipia inaenda kukamua unyevu huo. Fungua madirisha ya pande mbili, upepo uingie huku na kutokea kule, tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Usiku hewa ya pwani ni nzito, haikaushi sana. Makabati yakae sentimita 10 kutoka ukutani, la sivyo ukungu utaota nyuma yake.

Kupima ni rahisi: bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, kiache hadi kesho yake. Ukikuta matone ndani, au ukuta umekoza rangi, bado haujakauka. Rangi ya mafuta isubiri, maana ukiipaka sasa itavimba na kubanduka.

Tafuta kinachokula umeme kimyakimya

Zima kila kitu, friji pia, ila swichi kuu iache. Angalia taa ndogo inayomweka kwenye mita. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani mimweko 1000 kwa kila uniti, mmweko mmoja kila sekunde 36 ni wati 100. Hizo ni uniti 2.4 kwa siku, yaani 72 kwa mwezi, wakati kikomo cha kundi la D1 la TANESCO, la wateja wadogo wanaolipa bei nafuu, ni uniti 75 kwa mwezi. Shusha swichi za saketi moja moja hadi mmweko usimame. Mita ikiwa nguzoni, andika uniti zilizobaki kabla ya kulala na uzisome tena alfajiri.

Pampu ya maji ikijiwasha wakati hakuna aliyefungua bomba, kuna mahali panavuja.

Hita ya jua

Hapa ndipo watu wengi hupoteza faida yote. Lita 200 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 55 zinahitaji takriban uniti 7. Koili ya umeme ikiachwa imewashwa muda wote, hupasha tangi usiku, jua likichomoza halina kazi ya kufanya. Izime. Siku ya mawingu iwashe saa kumi jioni, baada ya jua kufanya lake, na uizime ukishaoga.

Kama ni ya mirija ya kioo, usiijaze maji mirija ikiwa mikavu na imeshapigwa na jua: itapasuka. Jaza alfajiri, au ifunike kwanza. Mrija ambao ncha yake ya fedha imegeuka nyeupe umeingiza hewa. Haushiki joto tena, badilisha huo tu. Kwenye hita inayojazwa kwa mteremko kutoka simtanki, bomba la kupumulia lililo wazi juu ya tangi lisizibwe hata kama linadondosha maji kidogo, kwa sababu tangi linaweza kubonyea au kupasuka.

Bomba la maji moto la nusu inchi lenye urefu wa mita 20 hubeba takriban lita 3.5 zilizopoa. Zikinge kwa ndoo. Sponji inayofunika bomba hilo, ikiwa nje, izungushie utepe wa alumini, jua huila upesi.

Dari na AC

Mchana wa jua kali, pitisha kiganja karibu na dari. Panapochoma kuliko pengine, sufi imesogezwa, mara nyingi na fundi umeme. Irudishe, ila isifunike transfoma za taa. AC iweke nyuzi 25 au 26 pamoja na feni, na tundu la bomba zake ukutani lizibwe kabisa.

Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, muulize aliyefunga hita kama tangi lina fito ya magnesiamu, inayoliwa na kutu badala ya tangi, na uikague kila mwaka. Ikishaliwa yote, kutu inahamia kwenye tangi lenyewe.