Namna ya Kufuatilia Asili na Maana ya Jina

Wengi wanaotafuta maana ya jina hupotea kwa sababu wanaanza na maana yenyewe. Maana haipatikani kabla ya kujua jina ni la lugha gani na limepita wapi hadi kumfikia anayeitwa. Chukua jina Asha. Katika pwani ya Afrika Mashariki ni umbo la Kiswahili la jina la Kiarabu Aisha, yaani aliye hai. Nchini India, Asha limetoka Kisanskriti na maana yake ni tumaini. Herufi ni zile zile nne, lakini majina hayo hayana udugu wowote. Ukiulizwa maana ya Asha, uliza kwanza: Asha wa wapi?

Kusanya kabla ya kufungua kamusi

Andika mambo matano: tahajia anayoitumia mwenyewe, matamshi kutoka kinywani mwake au mwa wazazi, maandishi ya asili ikiwa lugha yao haitumii herufi za Kirumi, lugha na dini ya waliompa jina, na mtu ambaye jina lake limerithiwa, kama yupo.

Maandishi ya asili ndiyo hupuuzwa zaidi, na hasara yake ni kubwa. Amiri la Kiarabu likianza na alifu linatokana na mzizi wa kuamuru, na maana yake ni kiongozi. Likianza na ain linatokana na mzizi mwingine kabisa, wenye maana ya kustawi na kuishi. Herufi za Kirumi zinafuta tofauti hiyo. Kijapani ni kigumu zaidi: Akira huandikwa kwa alama nyingi tofauti, na maana ni ile ya alama waliyoichagua wazazi. Bila kuiona alama hiyo, huwezi kuwa na uhakika. Katika Kichina na Kiyoruba toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, nazo hubeba maana, kwa hiyo sikiliza jina likitamkwa, usitegemee kulisoma tu.

Tambua lipi ni lake na lipi ni la ukoo

Kosa hapa litakupeleka kuchunguza jina la mtu mwingine. Wachina na Wahungaria hutanguliza jina la ukoo: katika Mao Zedong, ukoo ni Mao. Wahispania wana majina mawili ya ukoo, la baba likitangulia la mama, ndiyo maana Gabriel García Márquez, mwandishi wa Kolombia inayofuata desturi hiyo, hupangwa chini ya García. Wareno hufuata mpangilio wa kinyume: la mama hutangulia, la baba hufunga.

Kuna jamii ambazo hazina jina la ukoo kwa desturi. Abebe Bikila wa Ethiopia, mshindi wa marathoni ya Olimpiki mwaka 1960 na 1964, alikuwa Abebe mtoto wa Bikila. Ukichunguza Bikila unachunguza jina la baba yake. Iceland ni vivyo hivyo. Vigdís Finnbogadóttir, rais wa nchi hiyo kuanzia 1980 hadi 1996, ni Vigdís binti wa Finnbogi, na kitabu cha simu cha huko kilipangwa kwa jina la kwanza.

Rudi nyuma hatua moja moja

Majina husafiri pamoja na dini, biashara na utawala, na hubadilika kila yanapovuka mpaka wa lugha. Yohanan la Kiebrania, lenye maana kwamba Mungu ni mwenye neema, liliingia Kigiriki likawa Ioannes, kisha Kilatini likawa Johannes, na kutoka hapo yakazaliwa John, Jean, Juan na Giovanni. Ivan ya Warusi ilitoka upande wa Kigiriki. Kwa hiyo usiandike "asili: Kiingereza" kwa sababu tu umbo lililo mbele yako ni la Kiingereza. Uliza kila mara: kabla ya hapa lilikuwa wapi?

Usidanganywe pia na maana kufanana. Theodoros la Kigiriki, Ataullah la Kiarabu na Bogdan la Kislavoni yote hubeba wazo la kilichotolewa na Mungu, lakini kila moja limeundwa kwa maneno ya lugha yake. Kufanana kwa maana kunaonyesha kwamba watu waliwaza jambo moja. Hakuonyeshi kwamba majina ni ndugu.

Vunja jina mahali panapovunjika

Katika Kiarabu tafuta konsonanti tatu za mzizi. H-m-d, sifa, inazaa Muhammad, Ahmad, Mahmud na Hamida. Majina yanayoanza na Abd hayakatwi ovyo: katika Abdulrahman, "ul" ni sehemu ya neno linalofuata, na jina zima ni mja wa Mwingi wa Rehema. Abdul peke yake ni "mja wa", kisha kimya. Gebre Selassie la Ethiopia limejengwa kwa mtindo huo huo: mtumishi wa Utatu.

Kwa Wajaluo, O- mara nyingi ni ya mwanamume na A- ya mwanamke: Otieno na Atieno wa usiku, Okoth na Akoth wa mvua.

Majina ya zamani ya Kijerumani huwatesa wanaotaka kila jina liwe sentensi. Wilhelm ni nia na kofia ya chuma. Wazazi wa wakati ule waliunganisha vipande, mara nyingi kipande kimoja kikitoka kwenye jina la jamaa, bila kukusudia kauli kamili. Eleza vipande viwili na uishie hapo. Ukisema ni "mwenye nia ya kulinda", umeshaanza kutunga.

Tenganisha maana ya neno na sababu ya kuitwa

Hapa ndipo penye utamu wa kazi nzima, na kamusi haifiki. Kofi kwa Waakan wa Ghana ni mwanamume aliyezaliwa Ijumaa. Kofi Annan alizaliwa tarehe 8 Aprili 1938, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Lakini kwa Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama. Maana iliyo hai hapo ni babu mwenyewe, si neno. Otieno naye anaweza kuwa alizaliwa mchana kweupe, akarithi jina la marehemu. Tabu na Shida ni maneno wazi kwa kila msemaji wa Kiswahili, lakini ni familia tu inayojua ilikuwa tabu gani.

Hakikisha, kisha andika

Tafuta tarehe ya kwanza jina lilipoonekana. Vanessa hutajwa mara kwa mara kuwa ni kipepeo, na tarehe zinakataa. Mwandishi Jonathan Swift ndiye aliyelibuni kutokana na jina la rafiki yake Esther Vanhomrigh, likachapishwa katika shairi mwaka 1726. Jenasi ya vipepeo, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, ilipewa jina hilo mwaka 1807.

Linganisha vyanzo viwili visivyonakiliana, kisha muulize msemaji wa lugha yenyewe. Vikipingana, andika mvutano wenyewe. Wataalamu hawajakubaliana kuhusu maana ya Mariamu, na anayekupa jibu moja bila wasiwasi amechagua upande bila kukwambia.

Rekodi yako iwe na mistari minne: umbo na matamshi, njia ya lugha kutoka ya karibu hadi ya mbali, maana ya vipande, na sababu ya kuitwa. Kando ya kila mstari weka alama ya hakika, huenda au haijulikani, na jina la aliyekupa habari hiyo.