Kifaranga kujikunyata sio kila mara ni baridi

Huku Nyanda za Juu Kusini ikifika mwezi wa 6 na wa 7 vifaranga wakijikunyata tu kila mtu anasema baridi hiyo, mnaongeza mkaa kwenye jiko, asubuhi mnaokota mizoga. Baridi ipo, Makete na Njombe nani asiyeijua, ila kabla ya mkaa mgeuze kifaranga umwangalie nyuma. Ukikuta mavi meupe kama chokaa yamegandia mpaka tundu limeziba, mabawa yameshuka, analia akitaka kunya, hiyo ni dalili ya salmonela, ugonjwa wa bakteria, ile wanayoita kuhara nyeupe, na joto peke yake halimponyi.

Shida ya huu ugonjwa ni kwamba kila umri una sura yake. Unaanzia kwenye yai lenyewe, mama akiwa nao anaupitisha, kwa hiyo mengine yanafia kwenye inkubeta na mengine yanatoa vifaranga dhaifu ambao wanawaambukiza wenzao humo humo. Vifo vingi ni wiki ya 2 na ya 3. Wakivuka hapo vifo vinapungua, ila unabaki na waliodumaa, manyoya hovyo, wengine wanachechemea viungo vimevimba.

Kwa wakubwa sasa ndio watu wanapotea. Mtetea mwenye kuhara nyeupe anaweza asionyeshe chochote, anakula vizuri tu, labda mayai yapungue kidogo. Halafu kuna ndugu yake, taifodi ya kuku, huyu anapiga hata kuku anayetaga: homa, kiu, upanga wa kichwani unapauka, kinyesi cha njano kijani, mayai yanashuka, wengine unakuta wamekufa ghafla. Ukimpasua mara nyingi ini limevimba lina rangi ya shaba au kijani. Wengi wanasema mdondo (kideri), na kwa macho kweli wanafanana, kwa hiyo usibahatishe, mzoga wa siku hiyo hiyo weka kwenye mifuko miwili na barafu umpeleke maabara, TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wana kituo Iringa, ukiwa Mbeya anza na afisa mifugo wa kata akuelekeze.

Dawa? Antibiotiki aliyoandika daktari wa mifugo inapunguza vifo, lakini kuku aliyepona anabaki na bakteria ndani na anaendelea kutaga mayai yenye ugonjwa. Hapa mimi sina huruma: usimtotoleshe, na usimuuzie jirani eti ni mbegu nzuri imeshapona. Mayai ya kutotolesha yatoke kwenye kundi lililopimwa damu, na ukinunua vifaranga muulize muuzaji wazazi wamepimwa lini, akianza kuzungukazunguka ondoka.

Maranda yaliyolowa toa yote uweke makavu, walio jirani na Mafinga kwenye viwanda vya mbao hamna kisingizio kabisa. Panya nao wanaubeba huu ugonjwa, chakula kifunikwe. Mizoga choma au fukia, sio kumtupia mbwa. Na kuna salmonela nyingine ambazo kuku haumwi kabisa ila binadamu anaharisha vibaya, watoto wadogo na wazee ndio wanaumia zaidi, kwa hiyo yai liive mpaka kiini kigande na mtoto akishika vifaranga anawe kwa sabuni.

Chanjo ya taifodi ya kuku ipo, hutolewa kuanzia wiki ya 6 hivi na kurudiwa kabla hawajaanza kutaga. Ile iliyo hai usiichanganye na antibiotiki siku hizo, utaiua chanjo yenyewe.