Jinsi ya kupanga bei ya maji kijijini ili pampu ikifa msipitishe daftari la michango

Hii ni kwa mliochaguliwa juzi kwenye chombo cha maji, CBWSO, huku Newala, Tandahimba na jirani, kazi hata hamjaanza wananchi washawaambia shusheni bei. Msishushe kabla hamjapiga hesabu.

Anzeni na ndoo. Uniti moja ni lita 1000, yaani ndoo 50 za lita 20, mkiuza ndoo sh 50 uniti inaingiza 2,500. Tuseme DP zenu zote, yaani vituo vya kuchotea maji, zinauza ndoo 400 kwa siku, hiyo ni 20,000, mwezi laki 6. Hela nyingi ee? Haya toeni umeme, mlinzi, anayeuza maji, fundi, koki zinazong'olewa kila mara (watoto bwana). Halafu pampu, hapa ndo wengi wanaruka. Kama ni ya milioni 6 na mnategemea ikae miaka 5, basi kila mwezi laki moja ni ya pampu, inakaa benki kwenye akaunti yake na haiguswi hata kama kuna mgeni kutoka mkoani anakuja. Na wenye sola msijidanganye, jua ni la bure ila pampu na inveta mtanunua.

Angalieni na msimu. Mvua zikikolea Desemba mpaka Aprili watu wa uwanda wa Makonde wanakinga maji ya bati kwenye visima vyao vya nyumbani, DP haina mtu na mlinzi anataka mshahara uleule, kwa hiyo miezi hiyo pangeni bajeti mkitegemea hata nusu ya mapato. Hela ya huku ni korosho, malipo ya mnada yakiingia ndo mdai madeni ya waliovutiwa maji nyumbani, ukingoja Machi utaambiwa subiri msimu.

Jioni someni mita ya kisima chenye pampu na za DP. Kisima kimetoa uniti 10, zimeuzwa 8, mbili ziko wapi? Bomba linavuja au kuna mtu hajaandika, na umeme wa kuzipandisha toka bondeni mshaulipa.

Anayepokea hela asiwe ndo anayeandika vitabu. Mkikwama kwenye mahesabu waiteni RUWASA wilaya, wakala wa maji vijijini, ndo kazi yao toka sheria ya 2019, kisha mapato na matumizi ya mwezi bandikeni palepale DP, maana mkutano wa kijiji wengi hawaji ila maji kila mtu anachota.