Pumba nzuri za peleti: zamisha mkono kabla ya kuuliza bei

Ukienda kununua pumba za mbao kwa ajili ya peleti, zile punje za kuni zilizoshindiliwa, bei isubiri kwanza. Zamisha mkono hadi katikati ya gunia, maana juu huwa pakavu siku zote. Kamua konzi moja. Ikibaki donge, mimi silipi.

Unyevu unaofaa ni asilimia 10 hadi 15. Kupima ni rahisi: chukua gramu 200, kausha kwenye oveni kwa nyuzijoto 105 mpaka uzito usishuke tena. Zikibaki gramu 174, maji yalikuwa gramu 26, yaani asilimia 13. Pumba mbichi hutoa mvuke unaopasua punje; zilizokauka kupita kiasi hutoka unga. Hatutii gundi yoyote: joto la mashine ya kushindilia hulainisha lignini, gundi ya asili iliyomo ndani ya mti wenyewe, nayo ikipoa hukaza. Kwa hiyo ukikosea maji, umekosea kila kitu. Hapa Tanga anika wakati wa kaskazi, na jioni funika kwa turubai, kwani hewa ya pwani inarudisha unyevu usiku kucha.

Paina na saiprasi kutoka Lushoto ni laini, mashine inazipenda. Mtiki wa Muheza ni mgumu zaidi. Mimi huuchanganya na paina. Vyovyote iwavyo, saga mpaka chembe ziwe ndogo kuliko tundu la mashine linalotoa punje.

Mabanzi yana magome, na gogo lililoburutwa chini hubeba mchanga kwenye magome hayo. Mchanga unakula matundu ya mashine, magome yanaongeza majivu. Yabandue. Pitisha sumaku pia kuondoa misumari.

Maranda ya mafundi seremala ni makavu na mazuri, ila uliza kama ndani yake kuna vumbi la MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) au plaiwudi, kwa sababu ya gundi. Mbao za rangi kataa. Nguzo zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki usiziguse kabisa, hata ukipewa bure. Aseniki inatoka na moshi na kubaki kwenye majivu, na majivu hayo mama mmoja atasugulia sufuria, mwingine atayamwaga kwenye mchicha.

Mbao za majahazi makuukuu nazo ziache: zimekunywa chumvi miaka mingi, na chumvi hiyo ikiungua inakula chuma cha jiko.