Siku 4 Aisilandi? Usizunguke kisiwa chote
Kama una siku 4 tu Aisilandi achana na wazo la kuzunguka kisiwa chote, ile Barabara namba 1 inayokizunguka ina zaidi ya kilomita 1,300 utaishia kuona usukani tu. Shika kusini: Reykjavik, maporomoko ya Seljalandsfoss na Skógafoss, ulale Vík, kesho yake ziwa la Jökulsárlón ukaone mabarafu yanaelea, halafu geuza. Disemba mwanga ni masaa manne matano hivi, so panga safari fupi fupi. Na mlango wa gari ushike kwa nguvu unapofungua, upepo wa kule sio mchezo, unaupindua mlango kabisa na bima nyingi za kukodi hazilipi hiyo. Nje ya miji spidi mwisho kilomita 90 kwa saa kwenye lami, kwenye changarawe 80.